Kuhama au Kuhamishwa? Mtumiaji wa Kawaida wa Tarakilishi Lokichar na Kukoma kwa Matunzo ya Windows 10

Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha matunzo ya Windows 10, mfumo endeshi ulioanza kusambazwa tarehe 29 Julai 2015. Siku iliyofuata tarakilishi zenye mfumo huo ziliwaka kama kawaida. Hazikupungua kasi wala hazikumfungia mtu mlango. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani yale marekebisho madogo ambayo kampuni huyatuma kila mwezi ili kuziba nyufa zinazogunduliwa na wadukuzi. Wenye mashine walishauriwa wahamie Windows 11, wanunue mashine mpya, au wajiandikishe katika mpango wa nyongeza ya mwaka mmoja ambao mwisho wake ulitangazwa kuwa 13 Oktoba 2026.

Makala haya yanachunguza iwapo mtumiaji wa kawaida atahama kweli. Ninakiri mapema kwamba mimi si mwanateknohama, bali ni mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ambaye hurejea kwao Lokichar vyuo vinapofungwa. Hata hivyo, naamini swali hili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kwa kiasi kikubwa kuliko tunavyodhani. Kwanza, habari ya kukoma kwa matunzo hutufikia kwa maneno, na maneno hayo yana historia yake mahali yanaposikika. Pili, utafiti wetu wa nyanjani, hasa wa fasihi simulizi, siku hizi unahifadhiwa ndani ya mashine hizo hizo.

"Msaada umeisha"

Nianze na kisa nilichokishuhudia. Lokichar iko kusini mwa Lodwar, katika barabara kuu itokayo Kitale na kuendelea hadi Kakuma na mpaka wa Sudan Kusini. Jina la mji huu lilienea mwaka 2012 pale mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1. Walakini, kwa wakaazi wengi huduma muhimu zaidi katika barabara yetu ni saiba: chumba kimoja cha mabati, mashine chache, printa, na foleni. Humo ndimo mtu anamotolewa nakala ya kitambulisho, anamojaziwa fomu ya eCitizen na kuchapishiwa barua ya kuomba basari ya mtoto.

Katika likizo iliyofuata Oktoba hiyo nilikuwa nimeketi katika saiba moja nikinakili masimulizi niliyoyarekodi. Kwenye mashine ya mbele likatokea tangazo kwa Kiingereza. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akisubiri cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake akauliza kulikoni. Kijana mhudumu akamtafsiria bila kuinua macho: "Wanasema msaada umeisha, mama."

Yule mama alishtuka. "Msaada gani? Mbona sisi hatukuandikishwa?"

Watu walicheka, nami nikacheka. Usiku sikuweza kulisahau swali lile. Katika Turkana neno *msaada* halielei hewani. Ni gunia la mahindi na mafuta ya kupikia wakati wa kiangazi. Ni fedha za mpango wa HSNP ambazo kaya zilizoandikishwa katika kaunti za kaskazini hulipwa kupitia benki. Kule Kakuma, katika kambi iliyoanzishwa mwaka 1992, ni mgao wa chakula, ambao mwaka huo huo wa 2025 ulikatwa hadi kufikia chini ya theluthi moja ya kiwango kinachohitajika, nao wakimbizi wakaandamana. Mtu wa huku akiambiwa msaada umeisha, haelewi kwamba mlinzi ameondoka mlangoni. Anaelewa kwamba ghala limefungwa. Basi anauliza swali la busara kabisa: orodha iliandikwa lini, na nani aliyeachwa nje?

Jambo la kustaajabisha ni kwamba alikuwa amekaribia ukweli kuliko mhudumu. Ule mpango wa nyongeza ulihitaji watu wajiandikishe. Mashine ilipaswa kuwa na toleo la 22H2, na mwenyewe awe na akaunti ya Microsoft. Kisha alitakiwa ama kukubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye hifadhi ya kampuni bila malipo, ama kutoa alama 1,000 za zawadi za kampuni hiyo, ama kulipa dola 30 za Marekani. Katika saiba ile hapakuwa na mashine hata moja iliyoandikishwa. Akaunti iliyokuwamo ilikuwa ya mtu aliyewahi kuimiliki mashine huko ng'ambo, jina lake likiwa bado linawasalimu wateja kila asubuhi.

Tatizo hili ni la tafsiri. Neno la Kiingereza lililogeuzwa kuwa *msaada* linabeba dhana ya kushikilia kitu kisianguke, ilhali *msaada* wa Kiswahili ni kitendo cha huruma kati ya mtu na mtu. Wapo wanaopendekeza *auni*, neno zuri la kishairi, lakini nalo linatoka katika ukoo ule ule wa kusaidiana. *Huduma* limebebeshwa mambo mengi mno tangu serikali ilipofungua vituo vya Huduma. Mimi napendekeza *matunzo*. Kitu kinachotunzwa huwa na mtunzaji. Matunzo yakikoma kitu hubaki, ila huanza kuchakaa. Shamba lisilotunzwa halitoweki. Lingetamkwa neno hili pale saiba, yule mama hangefikiria gunia. Angeuliza ni nani atakayetunza sasa, na hilo ndilo swali lililohitajika.

Historia inasema nini?

Tusidhani kwamba hali hii ni mpya. Windows XP ilitoka mwaka 2001 na matunzo yake yakakoma tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, nayo ikafikia kikomo tarehe 14 Januari 2020. Katika nyakati zote mbili tarehe zilitangazwa miaka mingi kabla, na katika nyakati zote mbili mamilioni ya watu ulimwenguni waliendelea kutumia mfumo uliokwisha muda. Ni dhahiri, basi, kwamba tarehe peke yake haimhamishi mtu.

Hofu nayo haimhamishi sana. Mwezi Mei 2017 programu ya kiharamia iitwayo WannaCry ilisambaa katika nchi zipatazo 150, ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka cha kuuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Tena wengi wa walioathirika walitumia Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inatunzwa. Dawa ilikuwepo, hawakuinywa. Waliotuachia methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta walikuwa wakiwazungumzia watu wanaouona ufa. Ufa wa programu hauonekani, na ndiyo maana methali hiyo, ijapokuwa inalingana na suala hili kama kidole na pete, haina nguvu saiba.

Isitoshe, katika Lokichar kuna sababu ya kiuchumi ambayo waandishi wa miji mikubwa huisahau. Masasisho hula data. Mwenye saiba anayeununua mtandao kwa vifurushi huona kifurushi cha asubuhi kikimezwa na mashine inayojisasisha yenyewe huku wateja wakisubiri. Anachofanya ni kuyazima masasisho, jambo ambalo nimelikuta katika zaidi ya saiba moja kati ya Lokichar na Lodwar. Kwa mtu kama huyo matunzo hayakukoma tarehe 14 Oktoba 2025. Yalikoma siku aliyobonyeza kitufe cha kuyazima, labda miaka mitano iliyopita, naye hakuona tofauti yoyote. Utamwambiaje sasa kwamba kuna kilichobadilika?

Mlango unapofungwa

Kuna tukio moja, hata hivyo, lililowahamisha watu wa Lokichar kwa haraka. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zenye Android 4.4. Hapa hapakuwa na mjadala. Mtu aliamka, akagusa programu, ikakataa. Kundi la ukoo liko humo, la wazazi wa shule liko humo, na habari za mvua na mifugo ziko humo. Waliokuwa na simu hizo niliowafahamu mimi walitafuta nyingine kabla mwezi haujaisha. Mmoja aliuza mbuzi.

Ulinganisho huu unatupa jibu la swali letu. Mtumiaji wa kawaida hahami mlinzi anapoondoka. Huhama mlango unapofungwa. Kwa Windows mlango hufungwa taratibu, na anayeufunga mara nyingi si mwenye mfumo bali ni kivinjari. Mathalani, Windows 7 iliishiwa matunzo mwezi Januari 2020, lakini Chrome iliendelea kuihudumia hadi toleo la 109 mwanzoni mwa mwaka 2023. Miaka mitatu mizima mtumiaji alifungua barua pepe na tovuti za serikali bila tatizo. Baada ya hapo kivinjari kilibaki kama kilivyo huku tovuti zikizidi kubadilika. Siku ukurasa muhimu utakapokataa kufunguka, ndipo mwenye mashine atakaposema kwamba tarakilishi yake "imekufa", ingawa vyuma vyote ni vizima.

Kwa saiba kuna mlango mwingine, nao nimeuona ukipuuzwa. Vijitabu vya mazishi, kadi za harambee na mabango ya mikutano katika miji yetu hutengenezwa kwa Microsoft Publisher. Mhudumu hodari ana mafaili ya miaka mingi: marehemu mmoja huondolewa picha na majina, marehemu mwingine akawekwa, na mpangilio ukabaki ule ule. Microsoft ilikwisha kutangaza kwamba matunzo ya Publisher yangekoma mwezi Oktoba 2026, na kwamba wanaoitumia kwa kulipia kila mwezi hawangeweza kuifungua baada ya hapo. Nakala za zamani zilizosakiniwa kwenye mashine zenyewe hazikuwekewa kufuli hilo. Hii ina maana kwamba mhudumu wa saiba ana sababu nzito ya kuing'ang'ania mashine yake ya zamani, pamoja na programu zake za zamani, nyingi zikiwa hazijawahi kulipiwa. Kuhama kwake si kubadilisha picha ya nyuma ya kioo. Ni kuyaacha matanga ya mji mzima.

Wahamie wapi?

Njia ya kwanza, Windows 11, iliyotolewa mwezi Oktoba 2021, inadai mashine yenye chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kwa upande wa Intel, kwa jumla ni kizazi cha nane kwenda juu. Vipakatalishi vinavyofika Lokichar ni vile ambavyo wauzaji huviita "eksi-UK", vilivyotumika maofisini Ulaya, vikatupwa, vikasafirishwa hadi Nairobi, kisha vikapanda basi. Vingi ni vya kizazi cha nne, cha tano au cha sita. Ni imara, na betri zikibadilishwa vinaweza kuishi miaka mingine kumi. Kwa mujibu wa masharti ya Windows 11 vimekwisha zeeka. Mafundi wanajua ujanja wa kuyakwepa masharti hayo, lakini kampuni haitoi hakikisho la masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma.

Njia ya pili ni Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama kidogo, kwa maana sisi tumo katika historia hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kuiswahilisha Windows na Office. Mwaka huo huo tena ikatolewa Ubuntu, aina ya Linux iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yenye jina ambalo Mswahili hahitaji kamusi kulielewa, maana ni ndugu wa *utu* wetu. Ungetarajia kwamba lugha, bei ya bure na jina la Kibantu vingewavuta watu. Havikuwavuta.

Sababu zake zinasomeka katika kinywa cha mteja wa saiba. Hasemi "hifadhi", husema "sevu". Hasemi "pakua", husema "daunlodi". Amefundishwa tarakilishi kwa Kiingereza, tena si kwa kusoma maneno bali kwa kukumbuka mahali: kitufe cha pili kutoka kushoto, kisha mstari wa nne. Ukimbadilishia menyu kuwa Kiswahili fasaha umemhamisha nyumba usiku. Sisi wanaistilahi tulidhani kizuizi kilikuwa ugeni wa lugha. Kizuizi kilikuwa ugeni wa mahali. Mtu anayelipia kila dakika hana nafasi ya kupotea, na kwake usiache mbachao kwa msala upitao ni hesabu ya fedha kabla ya kuwa hekima.

Sisemi kwamba Linux haifai. Kwa kazi za kivinjari na kuandika barua, aina kama Linux Mint ingeifaa mashine ya kizazi cha nne kuliko Windows yoyote, na faili la kuisakinisha lina ukubwa wa gigabaiti tatu hivi. Yule mhudumu niliyemtaja aliwahi kuijaribu kwenye mashine moja. Wateja waliikimbia. "Mwalimu," akaniambia (huku kila asomaye chuoni huitwa mwalimu), "walisema hiyo kompyuta ni ya wazungu." Nilimuuliza Windows ni ya nani. Akacheka, akaniomba nisogee apate nafasi ya printa.

Njia ya tatu haitajwi katika matangazo, nayo ndiyo inayotumika zaidi: kuiacha tarakilishi kabisa. Shughuli nyingi zilizowapeleka watu saiba miaka kumi iliyopita sasa zinafanyika kwenye simu. Atakapoulizwa kama alihama kutoka Windows 10, mtu huyu atasema hapana, na atakuwa mkweli.

Sarufi ya kuhama

Neno *kuhama* lina uzito wake Turkana. Mfugaji anapohama hahami kwa tarehe ya kalenda. Malisho hutazamwa, vijana hutangulizwa kwenda kuangalia majani na maji, wanarudi na habari, wazee wanashauriana, ndipo mifugo inaswagwa. Kuhama namna hiyo ni kitenzi cha kauli ya kutenda: mwenye kuhama ndiye mwenye uamuzi. Kitendo kinachofanyika katika teknohama kinahitaji viambishi viwili zaidi, *-ish-* na *-w-*. Mtumiaji *anahamishwa*. Aliyenunua simu mpya kwa sababu WhatsApp ilikataa alihamishwa. Atakayenunua kipakatalishi kipya kwa sababu cha zamani kimeharibika, akakikuta kina Windows 11, atakuwa amehamishwa, wala hatajua kwamba kulikuwa na safari. Kwa hiyo takwimu zitakapoonyesha kwamba Windows 10 imepungua, tujihadhari tusizisome kama ushahidi kwamba watu waliitikia onyo. Mashine hufa, watumiaji hubaki pale pale walipokuwa, wakipewa mashine nyingine.

Wapo watakaouliza kuna hasara gani, maadamu kazi inaendelea. Nitajibu kwa jambo lililonipata. Masimulizi niliyokuwa nikiyakusanya kwa ajili ya tasnifu, saa kadhaa za sauti za wazee, niliyachomeka kwa flashi katika mashine ya saiba isiyosasishwa. Nilipoifungua nyumbani, kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato isiyofunguka. Mmoja wa wasimulizi wangu alikuwa amekwisha fariki wiki tatu kabla. Nilikaa na ile flashi mkononi, siwezi kueleza kwa namna gani. Siku ya pili mhudumu aliniambia nitulie, akaandika amri fulani, na mafaili yakatokea. Virusi vile vilikuwa vimeyaficha tu. Virusi vya namna ile ya WannaCry havifichi. Aidha, katika mashine ile ile watu huandika nywila za eCitizen na za benki, na walimu huingiza matokeo ya wanafunzi. Hasara ya kutohama haimwangukii mwenye mashine peke yake. Humwangukia kila aliyechomeka flashi.

Kwa sababu hiyo sioni maana ya kuwahubiria wenye saiba wote wahame. Hawataweza, na wengine hawapaswi, kwa ajili ya yale mafaili ya Publisher. Kinachowezekana ni kuzigawa mashine kazi: ya zamani ibaki kuchapa na kutengeneza vijitabu bila kuunganishwa na mtandao, na moja iliyo mpya, au yenye Linux inayotunzwa, iachiwe mambo ya nywila. Mhudumu aliukubali mpango huu kwa sharti kwamba mimi ndiye niandike tangazo, kwani ndiyo kazi niliyoisomea. Niliandika, akalibandika juu ya kioo: *Mashine hii haitunzwi tena. Kuchapa tu. Nywila ziandikwe kwenye mashine ya dirishani.*

Mteja wa kwanza kulisoma alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alilisoma mara mbili, akachomoa flashi yake, akahamia dirishani.